Maua ya Joy Adamson

Wengi wamjua Joy Adamson kwa habari za simba wake, Elsa; wachache wajua ya kuwa kwanza alikuwa mchora maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akachora kwa rangi za maji mamia ya maua ya nchi, na mwaka 1947 akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza.

Twaisifu kazi hiyo kwa kuwa ni ya kweli: jani na ua vyaonekana jinsi vilivyo, hata mjuzi wa mimea avitambue. Lakini twaona upungufu mmoja. Mara nyingi ua lasimama peke yake juu ya karatasi nyeupe. Udongo uliolilea hatuuoni.

Nasi wa Makole yatupasa kuufuata uangalifu wake, tena tuongeze nchi. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na siku ya pili huanguka. Alitakaye hana budi kuketi chini ya mti siku ile ile. Tangu Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, nyumba zaongezeka na pori larudi nyuma. Basi, tuchore karatasi moja ndogo kila siku, ua pamoja na kilima chake, kabla havijatoweka.