Majina Yasiyo na Kaburi: Ukumbusho wa Runnymede

Maombolezo huanzia kaburini. Je, aliyezama baharini aombolezwe wapi? Uingereza ilijibu swali hilo kwa jiwe. Ukumbusho wa Runnymede, uliopo kilimani juu ya mto Thames, ulisanifiwa na Edward Maufe na kufunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1953. Unahifadhi majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wa Vita Kuu ya Pili wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo waliozama katika Bahari ya Kaskazini.

Kwa upande wa fani, kazi hii yastahili sifa. Majina yamechongwa kandokando ya madirisha membamba, mithili ya vitabu vya mawe vilivyofunguliwa nusu. Hakuna majigambo wala kilio, na ufupi huo wauma kuliko utenzi mrefu.

Walakini mpangilio wake una kasoro. Majina yamepangwa kwa mwaka, kisha kwa jeshi na cheo. Ndege ya mabomu aina ya Lancaster ilichukua watu saba, nao walizama pamoja. Ukutani, rubani aliyekuwa afisa yuko huku, na sajenti, mpiga bunduki wa mkiani, yuko kule. Cheo ambacho bahari haikukijali, jiwe limekirudisha.

Basi, ndugu walimu, tunapofundisha tanzia tusiishie kwenye vina na mizani. Tuwaulize wanafunzi: mtunzi amemkumbuka nani, na katika kumkumbuka amemtenga na wenzake gani?