Sifa ya Waashi wa Ghorofani

Katika nchi ya Ugogo, kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, nyumba ilikuwa ni kitu kilichoinama pamoja na ardhi: tembe, yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo na paa la udongo lisilo na mgongo, fupi hata mgeni mrefu akalazimika kuinamisha kichwa mlangoni, nayo ilijengwa vile si kwa uchache wa maarifa, bali kwa kuwa upepo wa uwanda ule hauna simile, na miti mirefu ya kujengea ni adimu. Wataalamu wa Toronto, Kanada, waliochora Mpango Kabambe wa mji mkuu mwaka 1976, miaka mitatu baada ya TANU kuamua makao makuu yahamie Dodoma, nao walikusudia mji wa majumba mafupi, wenye watu waendao kwa miguu na kwa mabasi, wala hawakutamani minara ya kushindana na majabali. Yaliyofuata yanajulikana: Rais Magufuli akatangaza Julai 2016 kwamba serikali inahama kweli, Dodoma ikafanywa jiji tarehe 26 Aprili 2018, watumishi wakaja na jamaa zao, na nyumba za kupanga zikaanza kutafutwa juu, hewani, badala ya chini.

Wako wanaousikitikia mpango ule wa kwanza, nami sina ugomvi nao. Lakini kusudi langu si kuwahukumu wapangaji wa miji. Nataka kumsifu mtu ambaye jina lake halimo katika mpango wowote.

Jengo la makazi la ghorofa nyingi, kwa apitaye njiani kila asubuhi akilitazama, huonekana limesimama wiki nzima lisiongezeke hata shubiri, kisha kwa siku moja likapanda ghorofa nzima. Hayo ni madanganyo ya macho, kwa maana siku ile ya kupanda ni siku ya kuvuna tu. Zilizotangulia ni siku za maseremala, waliosimamisha mirunda mmoja mmoja na kuitia kabari, wakijua kwamba kila mita ya mraba ya sakafu yenye unene wa sentimita 15 itailemea kwa kilo 360 hivi ingali uji. Na ni siku za wasuka nondo, waliochuchumaa juu ya mbao tangu alfajiri, mmoja akipiga mistari kwa chaki, mwenziwe akipanga vyuma, wa tatu akizungusha waya kwa koleo na kukata, asiinue uso, fundo baada ya fundo, mpaka jua likawa utosini. Chini ya vyuma huwekwa vitofali vidogo vya saruji, ambavyo mafundi huviita biskuti, vyenye kimo cha milimita 25 hivi, ili nondo zisilalie mbao, zege lipate kupita chini yake na kuzifunika zisiliwe na kutu. Nilimwona fundi mmoja wa makamo akimwita kijana aliyekuwa akipita na karai, akamwonyesha kwa kidole biskuti iliyopinduka, kisha asiseme neno, akangoja. Kijana akatua karai, akapiga magoti, akainyanyua nondo, akaisimamisha biskuti mahali pake. “Haya, mwanangu, endelea,” akasema yule mzee. Biskuti ile haitaonekana tena na mwanadamu yeyote.

Kisha zege humwagwa, vibreta hunguruma, watu hupigizana kelele, na mpita njia husema, leo wamefanya kazi. Kumbe kwa Dodoma kazi iliyo ngumu ndipo inapoanza, nayo ni ya kumwagilia maji. Zege haligeuki jiwe kwa kukauka. Hugeuka kwa kuyatumia maji yaliyomo ndani yake, na likinyang'anywa maji hayo mapema na jua na upepo, husinyaa, likafanya nyufa nyembamba, na uso wake ukawa vumbi. Pwani, hewa yenyewe husaidia. Juu ya uwanda huu, ulio mita elfu moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, ambao mvua yake ya mwaka ni takriban milimita 570, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, hakuna msaada huo, na pepo za Julai hazimngoji mtu amalize chai. Kwa hiyo yuko kijana, aghalabu wa chini kabisa kwa ujira, ambaye kwa siku zisizopungua saba hupanda na mpira wa maji akayalowesha magunia yaliyotandazwa juu ya slabu, asubuhi, adhuhuri na alasiri, katika mji ambao tangu zamani hutegemea visima vya Makutupora na ambamo kila ndoo ina hesabu yake. Akilala adhuhuri moja, nani atajua? Hata vile vipande vya mchemraba vya sentimita 15, vinavyojazwa zege lile lile na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28, havitamshitaki, kwa kuwa vyenyewe vilikaa birikani, vikistarehe majini.

Waashi wa kale wa Lamu na Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba ukaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Mti wenyewe uliwazuia tamaa. Nondo na zege havimzuii mtu. Hubeba kwa muda hata kilichojengwa kwa hiana, na deni likaja kudaiwa baadaye, kama lilivyodaiwa Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Nayo Dodoma i jirani na Bonde la Ufa, na mitetemo ya ardhi si migeni kwa wenyeji wake. Ndiyo maana nauona uaminifu wa yule mwenye mpira wa maji kuwa ni ustadi kamili, si utiifu tu.

Kanuni zinataka mbele ya kila jengo linalojengwa pawe na ubao wenye majina ya mwenye jengo, msanifu, mhandisi na mkandarasi. Naomba uongezwe mstari mmoja, wa seremala mkuu, msuka nondo na mmwagiliaji. Na wewe msomaji, ukienda kupanga nyumba ghorofani, katika mitaa ya Dodoma kama Ilazo au Kisasa, ukaonyeshwa marumaru na makabati ya jikoni, uliza kwanza slabu ilimwagiliwa siku ngapi, na ni nani aliyeimwagilia.