Usawa wa Herufi katika Seti ya Java

Katika Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1995, seti iitwayo HashSet huweka kila herufi mara moja tu, nayo huitafutia mahali kwa hesabu ya namba yake. Walakini haipokei herufi tupu: sharti kwanza ifanywe kitu, yaani Character. Tangu 2004 kazi hiyo hufanyika kimyakimya, na hapo ndipo kasoro ilipojificha.

Vitu vya namba 0 hadi 127 hutayarishwa mapema, vikatumiwa tena na tena. Kupita hapo hakuna ahadi hiyo. Herufi za Kirumi za Kiswahili zimo zote katika fungu hilo. (Kwamba ng' huvunjwa vipande vitatu ni shtaka jingine.) Herufi za Kiarabu, ambazo tenzi za kale ziliandikwa kwazo, namba zake zimepita 1536. Basi utenzi uleule, ukisomwa kwa hati yake ya asili, waweza kuzalisha kitu kipya kwa kila herufi, hata iliyokwisha kuingizwa. Jibu halikosewi, gharama ndiyo isiyo sawa. Safu ya biti 65,536, yaani baiti 8,192 tu, ingezihudumia hati zote mbili bila upendeleo.