Nani Amuue Shujaa? Kanuni za Pigo Kubwa katika Michezo ya Masimulizi

Katika fasihi simulizi, kifo cha shujaa huamuliwa na mapokeo. Msikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo anajua mapema kwamba mikuki haitamfaa adui kitu. Ni sindano ya shaba kitovuni tu itakayomwangusha shujaa. Upo utanzu mwingine wa masimulizi, uliojulikana Marekani tangu mwaka 1974 kwa mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uitwao Dungeons & Dragons. Humo watu kadhaa huketi mezani, kila mmoja akimsemea mhusika wake, na msimamizi mmoja huueleza ulimwengu unaowazunguka. Hakuna ajuaye nani atakufa. Dadu ndizo huulizwa. Makala haya yanachunguza suala moja tu la utanzu huo: mhusika akipatwa na pigo kubwa kupita kiasi, uhai wake huamuliwaje?

Inafaa kuanza na msingi wake. Kila mhusika ana alama za uhai, nazo hupungua kila apigwapo. Katika Dungeons & Dragons alama hizo huongezeka kadiri mhusika anavyopata uzoefu. Mwaka 1979 Gygax alifafanua kwamba si nyama na damu pekee, bali pia ustadi, bahati na ulinzi wa nguvu za juu. Ufafanuzi huo ulihitajika sana. Anguko huhesabiwa kwa dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10, mpaka dadu 20, ambazo wastani wake ni alama 70. Basi shujaa mwenye alama 90 aweza kuanguka kutoka jabali la futi 200, akajipangusa vumbi na kwenda zake. Hesabu ni sahihi, lakini kisa hakisadikiki.

Ili kuziba pengo hilo, toleo la mwaka 1989 liliweka mpaka: shambulio moja likitoa alama 50 au zaidi, mhusika hurusha dadu kuokoa roho yake, hata kama alama zake hazijakwisha. Toleo la mwaka 2000 liliuhifadhi mpaka huohuo. Kasoro yake ni dhahiri. Hamsini ni nusu ya uhai wa mwenye alama 100, na ni robo tu ya uhai wa mwenye 200. Kanuni inalipima pigo bila kumtazama anayepigwa.

Toleo la mwaka 2014 lilisahihisha jambo hilo kwa kumfanya mhusika awe kipimo cha kifo chake mwenyewe. Mwenye kipeo cha alama 20, aliyebakiwa na 8, akipigwa pigo la alama 28, hufa papo hapo: 8 zinamfikisha sifuri, na 20 zinazosalia zinalingana na kipeo chake. Pigo likiwa la 27, huzirai. Kisha kila zamu yake hurushwa dadu ya pande 20. Ikitoka 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu humtuliza, shari tatu humuua. Hapa pana usimulizi wa kweli, kwa kuwa wenziwe wanapata muda wa kuchagua: wamwendee, au waendelee kupigana?

Hata hivyo, kanuni hiyo nayo ina upungufu mkubwa zaidi. Aliyeponea chupuchupu hulala usiku mmoja na kuamka na alama zake zote. Hana kovu, hachechemei. Mauti yamempitia bila kuacha alama, na kisa hakina la kukumbuka. Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen wa mwaka 1981, ulishika njia nyingine: alama za uhai hutokana na maungo ya mtu, wala haziongezeki kwa uzoefu. Mchezaji wake huogopa bunduki kama watu wote waiogopavyo.

Swali la «ataishi au atakufa» basi limeulizwa kwa ufinyu. Baina ya kifo na uzima mtupu ipo njia ya tatu, nayo ni jeraha. Gygax aliigusa mwaka 1979 aliporuhusu msimamizi, pale mchezaji aliyetenda kwa busara anapoangushwa na bahati mbaya tu, amwache mhusika hai lakini apoteze kiungo au jicho. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014 nao una orodha ya majeraha ya kudumu, ila umeiweka kando kama jambo la hiari. Hapo ndipo penye kosa: kilichostahili kuwa kiini kimefanywa pambo.

Sharti moja ni la lazima: bei ya kuponea itangazwe kabla ya dadu kurushwa, na dadu irushwe hadharani. Msimamizi anayeficha matokeo ili amwokoe shujaa anadhani anakilinda kisa. Kumbe anawanyang'anya wachezaji uzito wa uchaguzi wao. Aliyejitoa mhanga mbele ya joka ambalo lisingeweza kumuua hakujitoa mhanga kamwe.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kanuni hizi zinastahili kusomwa kama maafikiano kati ya msimulizi na hadhira yake. Mapokeo yalimfunga msimulizi wa Liyongo asimwokoe shujaa kwa huruma. Mezani hakuna mapokeo ya kumfunga; ipo kanuni tu, nayo hufunga pale tu inapoheshimiwa na wote.