Fundi wa Matundu

Msusi wa kifumbu cha kuchujia tui anajua kwamba kazi yake haimo kwenye ukindu bali kwenye nafasi kati ya ukindu na ukindu. Nafasi ikizidi, machicha yanapita. Ikipungua, tui linagoma. Ufundi huohuo wanao wanakemia wa zeolaiti, madini yenye matundu, ila nafasi zao hazionekani kwa jicho.

Jina zeolaiti ni la mwaka 1756. Axel Cronstedt wa Sweden alilipulizia jiwe moto, likatoka mapovu, akaliita kwa Kigiriki "jiwe lichemkalo". Kumbe jiwe halikuchemka. Yalichemka maji yaliyojificha ndani yake.

Kushika maji huko kuna faida yake. Ukikeneka pombe, utafika mahali mtambo unashindwa. Ethanoli ikishafika asilimia 95.6 kwa uzito, hupanda na maji katika mvuke mmoja, chemsha utakavyo. (Wapika gongo hawajawahi kusumbuliwa na jambo hili, wao huishia mbali sana.) Hapo ndipo zeolaiti A inapoitwa. Robert Milton na wenzake wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, waliiunda mwishoni mwa miaka ya 1940. Ikiwa na sodiamu, milango ya matundu yake ina upana wa nanomita 0.4 hivi. Itoe sodiamu, weka potasiamu iliyo nene zaidi, milango inabaki karibu 0.3. Molekuli ya maji hupenya. Ya ethanoli, yenye 0.44 hivi, hubaki nje. Hapo ndipo ninapovua kofia: fundi hakutoboa wala hakuziba, amebadilisha bawabu tu.

Baada ya maji kujaa ndani, punje za zeolaiti hukaushwa kwa joto au kwa kupunguza shinikizo, zikarudi kazini.

Mwaka 1978 Edith Flanigen na wenzake, wa kampuni ileile, walieleza silikalaiti: silikoni na oksijeni, bila alumini iliyomo katika zeolaiti A. Pasipo alumini, ukuta hauna chaji, na maji hayapati pa kushika. Sasa pombe ndiyo inayoingia, ikajilaza katika vichochoro vya nanomita 0.55 hivi, mkia wake wa kaboni ukigusana na kuta. Mkia ukirefuka, mshiko unakaza: butanoli hung'ang'ania kuliko ethanoli, ethanoli kuliko methanoli.

Bawabu wa kwanza, zeolaiti A, anapima umbo la mgeni. Huyu wa pili, silikalaiti, anajua na tabia yake. Tuzo yangu nampa wa pili.