Istilahi za Kiini cha Kompyuta: Uhakiki wa Rasimu Moja

Miongoni mwa rasimu zilizofika mezani petu kwa ajili ya kuhakikiwa imo tafsiri ya maelezo ya kujenga kiini cha mfumo wa Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na hivi leo umo katika kompyuta za mitandao, katika simu za mkononi na katika maabara za vyuo vyetu. Mfasiri amefanya kazi kubwa bila ya kutangulia mwenzake wa kumfuata, na sentensi zake nyingi ni za Kiswahili safi. Hata hivyo, hatukuridhika kuisoma rasimu kwa macho tu. Tulimkabidhi mwalimu mmoja wa ufundi, tukamwomba aifuate neno kwa neno katika kompyuta ya mazoezi. Kompyuta ilikataa kuwaka mara tatu, na mara zote tatu kosa lilikuwa la maneno, si la mashine.

Kabla ya kueleza makosa hayo, yafaa tuieleze kazi yenyewe. Kiini ni sehemu ya mfumo inayokaa kati ya programu na maunzi; ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachopanga zamu za kazi, na ndicho kinachosema na diski, kioo na mtandao. Matini yake ya asili, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, huja na maswali ya maelfu. Mjenzi huulizwa, kwa kila kifaa: je, uwezo wa kukiendesha utiwe moja kwa moja katika kiini, au uwekwe kando kama moduli, au uachwe kabisa? Majibu huandikwa katika faili moja, na kiini hujengwa kwa kulifuata faili hilo. Kwa hiyo maelezo ya kila swali si pambo. Neno likipotoka, kiini nacho hupotoka.

Kosa la kwanza ni la herufi. Majibu hutolewa kwa herufi tatu: y kwa kukubali, m kwa moduli, n kwa kukataa. Matini ya Kiingereza aghalabu humaliza maelezo kwa kumshauri asiye na hakika ajibu herufi ipi. Mfasiri wetu, kwa nia njema, alifasiri hata herufi: penye y akaandika N ya "ndiyo", na penye n akaandika H ya "hapana". Lakini mashine haijui Kiswahili, nayo ikibonyezewa n huelewa kukataa. Mwalimu alipofika kwenye swali la diski alisoma "Kama huna hakika, jibu N", akajibu hivyo, na uwezo wa kusoma diski ukafutwa. Kiini kiliamka, kikaitafuta diski, hakikuiona, kikasimama. Ushauri uliokusudiwa kumlinda mtu asiye na hakika ndio uliomwangusha.

Funzo lake ni jepesi, lakini halikuandikwa bado katika miongozo mingi ya wafasiri: kile ambacho mtu anakisoma hufasiriwa, kile ambacho mashine inakisoma hakiguswi. Iandikwe, basi, "jibu y, yaani kubali", na majina ya machaguo yaachwe kama yalivyo.

Kosa la pili limo katika neno "moduli". Hatuna ugomvi na neno lenyewe, kwani limekwisha kuzoeleka. Tatizo ni kwamba rasimu imelifafanua kuwa "nyongeza ya hiari", na kinyume chake ikakiita "kilichojengwa ndani". Mwalimu, baada ya kusahihishiwa herufi, alichagua moduli kwa ajili ya diski, akiamini kwamba hiari haina madhara. Kompyuta ikakataa tena. Moduli ni faili linalokaa katika diski. Sasa moduli ya kufungulia diski ikiwa imo ndani ya diski hiyo hiyo, ni sawasawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Ziko njia za kulikwepa jambo hili, kama vile kuandaa furushi dogo la mafaili ambalo kiini hupewa kumbukumbuni mapema, kabla ya diski kufunguliwa. Lakini asiyejua kwamba moduli ni suala la mahali na la wakati, wala si suala la hiari, hawezi hata kufikiri kuandaa furushi hilo.

"Kilichojengwa ndani" nako ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Ndani ya nini? Kiswahili kina utajiri hapa ambao mfasiri ameupita bila ya kuutazama. Tunavyo vitenzi vya jozi, kimoja kikifanya na cha pili kikitengua: kuchomeka na kuchomoa, kufuma na kufumua. Moduli huchomekwa wakati mfumo unafanya kazi, na huchomolewa isipotakiwa. Kilichotiwa katika kiini kimefumwa. Ukitaka kukitoa, hapana budi ukifumue kiini na kukifuma upya. Msomaji yeyote aliyepata kuona mkeka ukisukwa au kitambaa kikifumwa atafahamu tofauti hiyo bila ya maelezo marefu. Tunapendekeza "kilichofumwa" na "kinachochomekwa", na vitenzi vyake vyote vinne.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu programu mbili ambazo rasimu imezichanganya. Ya kwanza ni ile inayofumwa au kuchomekwa katika kiini ili kukiendesha kifaa fulani. Rasimu inaiita "kiendeshi". Lakini rasimu hiyo hiyo inakiita "kiendeshi" chombo cha kuzungushia diski, na mfumo mzima inauita "mfumo endeshi". Katika ukurasa mmoja tumekuta sentensi isemayo "mfumo endeshi hautambui kiendeshi cha kiendeshi". Hatudhani kwamba mfasiri mwenyewe angeifahamu baada ya juma moja. Wako wanaotaka tutohoe tuseme "draiva". Lakini neno hilo lilikwisha kuingia Kiswahilini kwa njia ya barabara, nalo ni "dereva", na dereva ni mtu. Sisi tunaelekea kwenye mtindo uliokwisha kuzaa matunda: kinasa sauti, kipaza sauti, kipima joto. Kwa mtindo huo tunapata "kiendesha kifaa", wingi wake "viendesha vifaa". Neno linasema kazi yake na halimkanyagi jirani yake.

Programu ya pili haikai katika kiini. Ni ile inayotekelezwa ndani ya kifaa chenyewe, kwa mfano katika kadi ya mtandao usio na waya, ambayo ina kichakata chake kidogo. Waingereza na Wamarekani huipa jina linalocheza na neno la "ugumu": si ngumu kama maunzi, wala si laini kama programu, bali iko katikati. Jina hilo lilibuniwa na Ascher Opler mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Rasimu imeufasiri mchezo huo wa maneno badala ya kuifasiri maana, ikapata "maunzi imara". Hapa pana upotofu wa aina mbili. Hiyo si maunzi, na katika vifaa vingi si imara: kifaa kikizimwa huipoteza, na kila kikiwashwa hupewa tena kutoka katika faili lililomo diskini.

Matokeo yalionekana upesi. Lipo chaguo liitwalo EXTRA_FIRMWARE, ambalo humwezesha mjenzi kutaja mafaili ya programu za aina hiyo ili yatiwe katika kiini. Huhitajika hasa pale kiendesha kifaa kilipofumwa, kwa mfano cha baadhi ya kadi za picha, kwa kuwa huamka na kuliomba faili lake kabla diski haijafunguliwa. Rasimu imeliita "Maunzi Imara ya Ziada". Mwalimu alituuliza kwa unyofu kabisa maunzi hayo yananunuliwa wapi, na kama chuo kitapewa fedha. Aliliacha chaguo hilo tupu, na kioo kikabaki cheusi.

Neno hili linawahusu pia watumishi wa serikali ambao hawatajenga kiini maishani mwao. Tangu toleo la 4.14 la mwaka 2017, mafaili hayo hayamo tena katika matini ya kiini cha Linux. Hupatikana mahali pengine, na mengi hutolewa na watengenezaji bila ya kuonyesha matini yake ya asili. Wanachama wa mradi wa Debian walilipigia kura jambo hilo mwaka 2022, na toleo lao la 12, la mwaka 2023, likaanza kuyaweka katika kisakinishi chake rasmi. Ofisa anayeandika mkataba wa kununua kompyuta akiwa na neno moja tu kwa programu zote mbili, hataweza kuuliza ni ipi tunaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, na ni ipi tunaipokea ikiwa imefungwa. Jambo lisilo na jina ni shida kulidai.

Kwa hiyo tunapendekeza "programu ya kifaa" kwa ile inayotekelezwa ndani ya kifaa, na "kiendesha kifaa" kwa ile iliyo upande wa kiini. Tunafahamu kwamba "programu ya kifaa" ni maneno matatu, na kwamba "femuwea" ni moja. Lakini "femuwea" halimwambii mwanafunzi lolote, ilhali shida nzima tuliyoieleza ni ya kujua programu ipi inakaa wapi. "Kiini" tunakikubali, ijapokuwa wanafizikia na wanabiolojia wanakitumia pia. Mada haziko karibu, na "kiini cha mfumo" huondoa shaka.

Hatuikatai rasimu, tunamrudishia mfasiri aitengeneze, na tunamwomba aketi na mwalimu yule kompyuta ikiwa mbele yao. Maoni ya wasomaji juu ya mapendekezo haya yatapokewa kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya kusanifisha istilahi. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wale ambao, baada ya kuyatumia maneno haya, kompyuta yao iliwaka.