Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kazi ya mwalimu hupimwa siku asiyokuwapo darasani. Kwa kipimo hicho nauhakiki mradi wa AguaClara, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya miji midogo ya Honduras.

Mitambo yake haitumii umeme. Maji hushuka kwa mteremko. Hutiwa dawa ya kugandisha tope, chembe hushikana zikawa mabonge, mabonge hutuama, kisha maji huchujwa kwa mchanga na kutiwa klorini. Mwendeshaji huyaona mabonge kwa macho yake na kurekebisha dawa. Hapo nausifu mradi: aliyebuni alimfikiria atakayebaki. Tena michoro hutolewa bure, na shirika la Honduras, Agua Para el Pueblo, ndilo lililoshika ujenzi na mafunzo ya wenyeji.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mgeni huondoka. Wanafunzi hubadilika kila muhula. Wanywaji wa maji ni wale wale. Mwanafunzi akikosea hesabu hupoteza alama, mtoto wa kule hupoteza afya. Msimamizi wa mradi wa namna hii hutumikia mabwana wawili, na chuo hushangilia uvumbuzi kuliko dawa iliyonunuliwa kwa wakati.

Nionavyo mimi, alama ya juu ni ya mwendeshaji, pamoja na kamati ya maji inayokusanya ada ili alipwe. Taarifa za mradi zianze na hao, ndipo zifuate picha za wanafunzi.